Mkaa Haushiki, Wino Unasambaa, Pasteli Haikauki: Tutatue Shida za Vifaa Vipya vya Kuchorea

Umezoea penseli ya HB tangu shule ya msingi, halafu ghafla unapewa kijiti cha mkaa, chupa ya wino na boksi la pasteli, yaani vijiti vya rangi, unaambiwa mtungi na kitambaa viwe vimechorwa kufikia Ijumaa. Wiki hiyo ya kwanza huwa ngumu sana. Nimeona watu wenye jicho zuri kabisa wanaacha kuchora wakiamini hawana kipaji, kumbe walikuwa wanapaka mkaa kwenye karatasi ya fotokopi, na hiyo inaniuma mpaka leo. Maswali ninayoulizwa na wadogo zangu wanaoanza ni yaleyale kila muhula kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza maana ndiyo inayotokea sana, usirukie ya mwisho.

Kabla ya yote, kila karatasi unayonunua kata kipande cha ukubwa wa kiganja uandike nyuma yake ni karatasi gani na umeinunua wapi. Vifaa vipya vinajaribiwa hapo kwanza. Shida nyingi sana zilizoko hapa chini hazitokani na mkono wako, ni kifaa na karatasi havijaelewana.

Mkaa haushiki, unateleza, au ukiinua karatasi mchoro wote unadondoka

Hii ndiyo inaongoza. Sababu ya kwanza ni karatasi. Mkaa wa vijiti hauna gundi ndani yake, ni mti ulioungua basi, unakaa kwenye karatasi kwa sababu vumbi lake limenasa kwenye vijishimo vidogo vya karatasi, na karatasi ya printa ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba) imelainishwa makusudi ipite kwenye mashine bila kukwama, sasa vumbi litanasa wapi? Kucheki ni rahisi, simama karibu na dirisha, shika karatasi mwanga uipige kutoka pembeni uangalie kama uso una ukakasi, halafu pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukiteleza kimya kama kwenye kioo, mkaa nao utateleza. Manila geuza ujaribu pande zote mbili, mara nyingi upande mmoja ni laini kuliko mwingine na watu wanachorea ule unaong'aa kwa sababu unaonekana ndio wa mbele.

Kama hela ni shida, karatasi ya kaki inashika mkaa vizuri sana na rangi yake ya kahawia inakupa kivuli cha kati bure, unaweka mkaa kwenye giza na chaki nyeupe kwenye mwanga, mchoro unasimama haraka. Ila ni ya mazoezi tu, ina asidi, itakuja kubadilika rangi na kukatika, usiitumie kwa kazi unayotaka kuuza.

Sababu ya pili ni mafuta ya mkono. Umepaka losheni asubuhi, au umekula chipsi, ukaegemeza kiganja kwenye karatasi, pale ulipogusa mkaa utakataa na utaona duara limebaki jeupe. Osha mikono kwa sabuni, weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja unapochora.

Ya tatu, karatasi imeshiba. Umepaka tabaka juu ya tabaka, vijishimo vimejaa, hapo hata ukandamize vipi mkaa unateleza tu. Gonga ubao kwa nyuma vumbi la ziada lidondoke, futa kidogo kwa kitambaa laini kikavu uendelee. Usipulize kwa mdomo, vumbi linakurudia puani na mate yanaacha madoa.

Ya nne tunaijua zaidi sisi wa pwani, unyevu. Kipindi cha masika karatasi iliyolala ukutani inanyonya unyevu na mkaa unakaa mabaka mabaka. Iwekee feni nusu saa kabla ya kuanza.

Ukishacheki hayo yote na karatasi uliyonayo ndiyo hiyohiyo laini huna nyingine, ongeza ukakasi mwenyewe. Kama ni kadi nzito isugue na msasa mwembamba namba 400, kwa duara, bila nguvu, ukiwa umevaa barakoa. Au paka emalshani nyeupe ya ukutani iliyochanganywa na unga wa chaki kidogo, tabaka jembamba, iache ikauke kabisa. Karatasi nyepesi usiipake, itakunjamana uharibu siku.

Mkaa unakwaruza, unachana karatasi, mistari inatoka ya kijivu

Karibu kila mara huu ni mkaa wa kupikia. Wengi tunaanza nao kwa sababu upo jikoni na hakuna kosa kuanzia hapo, lakini ule unatokana na miti migumu ya porini, una mafundo, una mchanga, na vipande vingine havijaiva vizuri katikati. Jaribu vipande kadhaa kwenye karatasi ya majaribio, kile chepesi chenye weusi uliokolea ndicho uchukue, kinachokwaruza rudisha jikoni. Kama ni kijiti cha dukani na bado kinakwaruza, kisugue ncha kwenye msasa, mara nyingine ni punje moja tu ngumu imekaa mbele.

Suluhisho la kudumu ni kujitengenezea, na hapa Tanzania tuna bahati ambayo watu hawaitumii. Mkaa mzuri wa kuchorea Ulaya unatengenezwa kwa matawi ya mzabibu au ya mti unaoitwa willow. Sasa zabibu zinalimwa Dodoma, na kila shamba la zabibu lazima lipogolewe, yale matawi yanayokatwa ndiyo mkaa wenyewe! Kama una ndugu Dodoma muombe akutumie fungu kwenye basi.

Unafanya hivi. Chagua vijiti vya unene wa penseli, menya ganda, vikauke kabisa juani. Vipange vimebanana kwenye kopo la bati la maziwa ya unga, funga kifuniko, toboa tundu moja kwa msumari. Weka kopo kwenye jiko lenye moto mzuri, moshi utaanza kutoka kwenye tundu, mwanzo mweupe mzito wa mvuke, baadaye mwembamba. Moshi ukikata kabisa, epua, ziba tundu kwa udongo mbichi, uliache kopo lipoe lenyewe hata usiku mzima. Watu wanaharibu hapa, wana hamu wanafungua kopo likiwa bado moto, hewa inaingia, vijiti vinashika moto unabaki na majivu. Vikitoka vya kahawia havijaiva, rudisha. Vikivunjika vyenyewe ukivigusa vimezidi moto au vilikuwa vyembamba mno.

ACHA KABISA: usifunge kopo bila tundu, gesi ikikosa pa kutokea kopo linalipuka. Na kazi hii ni ya nje tu, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua watu wamelala. Ukisikia kichwa kinauma au kizunguzungu ukiwa karibu na jiko toka nje haraka, na kama hali haibadiliki nenda hospitali, usiseme ni uchovu.

Mkaa haufutiki, unabaki kivuli

Kwanza angalia ni mkaa gani. Ule wa vijiti unafutika kirahisi, ule wa kushindiliwa, yaani unga uliochanganywa na gundi ukabanwa kuwa kipande cha mraba au penseli, ni mweusi zaidi na haufutiki wote hata ufanyeje. Kwa hiyo anza mchoro na wa vijiti, wa kushindiliwa uje mwishoni kwenye giza zito ambalo una uhakika nalo.

Pili ni raba. Raba ngumu ya shule inasukuma vumbi ndani ya karatasi, unatakiwa ulinyanyue vumbi wala si kulisugua. Ipo raba laini ya kukanda kama unga wa chapati, unabonyeza unainua. Ukiikosa, chukua mkate, sehemu nyeupe ya ndani, bila siagi, uufinye uwe kidonge. Kabla raba ya mpira haijajulikana karne ya 18 wachoraji walikuwa wanafutia mkate na bado unafanya kazi vizuri tu, ila pangusa makombo yote la sivyo sisimizi watakuja kwenye mchoro.

Tatu, umesugua kwa kidole mapema mno. Jasho la kidole linaubandika mkaa kwenye karatasi. Tumia kitambaa au pamba.

Na kama kivuli kimebaki, si lazima kiwe kosa. William Kentridge wa Afrika Kusini tangu 1989 anatengeneza filamu kwa kuchora kwa mkaa, kupiga picha, kufuta, kuchora tena kwenye karatasi ileile, na vile vivuli vilivyobaki ndivyo vinavyofanya uhisi muda unapita. Angalia kivuli chako vizuri kabla hujatupa karatasi.

Mkaa hauingii juu ya penseli

Fupi hii. Risasi ya penseli inateleza na inang'aa, ukishapaka penseli laini nyeusi ya 6B kwa unene mkaa hautakaa juu yake. Michoro ya awali ya kazi ya mkaa ichore kwa mkaa wenyewe au penseli hafifu sana. Hakuna dawa baada ya hapo, anza upya.

Wino unasambaa kama mizizi

Umechora mstari safi, unaangalia umeota vinyweleo pande zote. Sababu ya kwanza tena karatasi. Karatasi inayofaa wino imewekwa kitu ndani yake cha kuzuia isinyonye haraka, gelatini au wanga au kemikali za kiwandani. Dondosha tone la maji pembeni ya karatasi: likikaa juu kama tone la umande sekunde kadhaa ni nzuri, likimezwa palepale wino nao utamezwa.

Sababu ya pili, umefuta sana hapo, raba imechubua uso wa karatasi. Ndiyo maana mstari mmoja unakuwa safi mpaka ukifika ulipofutia unalipuka. Ya tatu, wino umeongezwa maji mengi. Ya nne ni unyevu tena, karatasi iliyokaa miaka kwenye stoo yenye unyevu ile kinga yake inakufa.

Kuirudishia kinga: loweka gelatini isiyo na ladha gramu 7 hivi kwenye maji baridi kidogo, ongeza maji ya moto ifike nusu lita, koroga bila kuchemsha, paka kwa brashi pana pande zote uanike. Angalia paketi kama ni ya ng'ombe na ni halali kama hilo unalijali, na usiitunze, kwa joto letu kesho yake inanuka. Usipoitaka kabisa, uji mwepesi wa wanga unafaa. Karatasi za kuandikia za ulimwengu wa Kiislamu zamani zilipakwa wanga zikasuguliwa kwa jiwe laini mpaka zikang'aa ili kalamu ya mwanzi iteleze vizuri, kwa hiyo si jambo geni. Na hiyo kalamu ya mwanzi usiidharau, chonga tete kavu kwa kisu kikali, chana kidogo katikati ya ncha, unapata mstari mnene wenye uhai ambao nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya kuchovya, haikupi.

Nibu haitoi wino, au inatoa wote kwa mkupuo

Kalamu ya kuchovya mpya, umechovya, wino unajikusanya vitone juu ya chuma hautaki kushuka. Hiyo ni mafuta, nibu hutoka kiwandani zimepakwa mafuta zisishike kutu. Zioshe kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, au dawa ya meno. Hapo ndipo wengi wanaponea.

Ikiwa si mpya, wino umekaukia kwenye ule mpasuko, loweka kwenye maji ya uvuguvugu. Wino mzito sana ongeza matone mawili matatu ya maji safi kwenye kichupa kidogo pembeni, usimwage maji kwenye chupa kubwa. Ikidondosha tone kubwa umechovya mno, usivuke lile tundu la katikati ya nibu, na gusisha ukingo wa chupa kabla ya kwenda kwenye karatasi. Ncha zikiwa zimeachana zenyewe hata hujakandamiza, nibu imekufa, badilisha, hazinyooshwi.

ACHA: wino mweusi usiofutika kwa maji, ule wanaouita wa India, usiuweke kwenye kalamu ya wino ya kawaida yenye tangi ndani. Mwingi una laki, kitu kama vanishi, inayoganda ikikauka. Ukishaweka, toa sasa hivi usafishe kwa maji mengi mpaka yatoke meupe. Ikiwa umeshaganda na kalamu ni ya thamani, pengine ya mzee wako, usichokonoe kwa pini wala usimwage spiriti maana plastiki nyingine zinaharibika, mpelekee fundi wa kalamu.

Karatasi imejikunja baada ya maji

Nyepesi mno, basi. Kwa wino wa maji na rangi za maji tumia gramu 300, au ibandike kwenye ubao pande zote nne kwa tepu ya karatasi kabla hujailowesha na usiibandue mpaka ikauke yenyewe. Iliyokwisha kujikunja nyunyizia maji kidogo mgongoni, weka kati ya karatasi safi, juu yake vitabu vizito, siku mbili. Hii si kwa mkaa wala pasteli, utaubandua mchoro.

Pasteli ya mafuta haikauki

Haitakauka. Yaani wengi wanasubiri wiki nzima, wanaanika juani, inayeyuka inakuwa mbaya zaidi. Mafuta na nta zilizomo si za kukauka, itabaki laini miaka. Unachoweza ni kuitunza: weka karatasi ya kuokea juu yake, usibandike kazi nyingine juu, na kwenye fremu kioo kisiguse mchoro. Kama vijiti vyenyewe vimelainika kwa joto la mchana weka kwenye friji dakika kumi vitachoreka vizuri.

Cheki pia kama hukuchanganya boksi. Pasteli kavu ya unga na pasteli ya mafuta zinafanana kwa macho, sugua kidole, ya unga inaacha vumbi, ya mafuta inaacha utelezi. Ya unga haikai juu ya ya mafuta.

ACHA: kioo kikiwa kimeshagandana na mchoro wa pasteli usikibandue kwa nguvu, nusu ya rangi itaondoka nacho. Kazi ya thamani peleka kwa mtaalamu wa uhifadhi, anza kwa kuulizia makumbusho.

Spreyi imeacha madoa, au mchoro umekuwa wa giza

Umepiga karibu. Spreyi ya kushikiza mkaa inapigwa sentimita 30 hivi, mchoro ukiwa wima, unaanza kupuliza nje ya karatasi unapita mpaka nje upande wa pili, tabaka jembamba, subiri dakika kumi, rudia. Mara tatu nyembamba ni bora kuliko moja iliyolowesha. Ikitoka kwa matone mdomo umeziba, geuza kopo chini juu upulize mpaka itoke hewa tupu.

Kuwa giza kidogo ni kawaida, hasa kwenye chaki nyeupe, inazama. Ndiyo maana nashauri piga spreyi kwanza halafu mwanga mweupe wa mwisho uweke baada ya hapo bila spreyi. Ya nywele inashikiza kwa mazoezi ya darasani, ila inakuja kuwa ya njano na kunata, kazi ya maonyesho usiitumie.

Piga nje, upande ambao upepo unaondoka kwako, mbali na jiko na sigara. Inashika moto.

Penseli inakatika kila ukichonga

Kichongeo butu ndiyo sababu kubwa. Badilisha, au chonga kwa wembe taratibu. Ikiendelea kukatika ndani ndani, ilidondoka sakafuni na risasi imevunjika ndani ya mti vipande vipande, hiyo haina dawa, tumia ilivyo.

Madoa ya ukungu kwenye michoro ya zamani

Vidoti vya kahawia au manyoya ya kijivu. Itenge na zingine kwanza, ipeleke penye hewa kavu na kivuli, si juani. Ikikauka kabisa, nje, ukiwa na barakoa, pangusa manyoya kwa brashi laini. Kwenye mkaa na pasteli usipanguse chochote, na usitumie jiki mahali popote, inakula karatasi. Ukungu ukiwa umeenea kwenye rundo zima la kazi usiendelee mwenyewe, hapo pia ni kazi ya mhifadhi.

Kifua kinabana, unakohoa, macho yanawasha

Hii nimeiweka mwisho ila ukiwa na pumu isome kwanza. Chanzo cha kawaida ni vumbi: fungua madirisha, futa meza na sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, vaa barakoa unaposaga vijiti. Kinachofuata ni spreyi iliyopigwa ndani. Halafu kuna kitu watu hawakijui, baadhi ya rangi za pasteli zina madini kama kadimiamu na kobalti, kwa hiyo usile ukiwa na rangi mikononi na usilambe brashi wala kidole. Kwenye boksi nyingi utakuta alama ya duara, AP maana yake imepimwa haina sumu, CL maana yake ina tahadhari, soma yaliyoandikwa pembeni.

Kikohozi kikiisha ukitoka nje, badilisha namna unavyofanya kazi. Kikibaki mpaka usiku, au pumzi inapiga filimbi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Wino ukiingia jichoni, suuza jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 halafu nawe uende hospitali siku hiyohiyo, na ubebe boksi au chupa yenyewe daktari asome imetengenezwa na vitu gani.